Mwalimu Kauli na Neno Moja Lililomchosha

Marehemu, ambaye wengi wenu mliofika leo mnamjua kwa jina la Mwalimu Kauli, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshona nguo. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya kiwanda cha matofali, na vumbi jekundu liliingia hadi kwenye sukari. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, lakini alipoanza hakunyamaza tena, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsahihisha kaka yake. "Si 'kikombe imevunjika'," alimwambia. "Ni 'kikombe kimevunjika'." Kaka mtu, ambaye ndiye aliyekivunja, alifurahi mno, maana kwa sentensi hiyo kikombe kilikuwa kimejivunjia chenyewe na yeye hayumo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa karibu na stesheni ya reli, kisha sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 1969. Lugha alizimudu, hesabu zilimpiga chenga mpaka mwisho. Nafasi ya chuo cha ualimu ilipochelewa, aliajiriwa kuwa karani wa stoo katika kambi ya wajenzi wa barabara waliotoka Uchina. Huko ndiko alikojifunza Kichina, kwanza cha kuhesabu makoleo na mapipa ya lami, baadaye cha kuzungumza. Mpimaji wa barabara, mzee mpole mwenye meno mawili ya dhahabu, alimwonyesha alama iliyoandikwa kwenye vifaa vyote vya kambi. Ilisomeka "dao", yaani njia. Akamwambia kwamba neno hilo lilikuwepo kabla ya lami, na kwamba wahenga wa kwao walilifikiria maisha yao yote na hawakulimaliza. Mwalimu, ambaye hakuwahi kukubali lugha yake ipitwe, alimjibu kwamba hata kwetu barabara si ya kupita magari tu. Kitu kikikaa sawasawa tunasema kiko barabara. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi wewe umeshafika nusu," akasema. Tangu siku hiyo, jioni baada ya kazi, alimfundisha maandishi ya kale kwa kijiti, juu ya lundo la mchanga lililosubiri zege. Nusu ile ya pili ilimchukua Mwalimu miaka hamsini.

Alihitimu ualimu mwaka 1973, akafundisha Kiswahili hadi alipostaafu mwaka 2006. Jina la Kauli alipewa na wanafunzi, kwa sababu kila mwaka, kila darasa, aliandika ubaoni kauli za vitenzi na kuwaimbisha: kutenda, kutendwa, kutendea, kutendesha, kutendana, kutendeka. Wapo watu wazima hapa leo, wengine wana mvi, wanaoweza kuziimba bila kukosea.

Mwaka 1976 aliolewa na seremala aliyekuja shuleni kutengeneza madawati. Seremala alikuwa amemwandikia kikaratasi chenye maneno saba ya mapenzi, akarudishiwa kikiwa na makosa mawili yaliyozungushiwa wino mwekundu na neno moja chini yake: "Nimekubali." Walijaliwa binti, ndiye anayesoma wasifu huu, na mtoto wa kiume. Seremala alimwita mkewe Mwalimu hata walipokuwa wawili. Alimtengenezea meza ya kuandikia na kumtengea chumba kidogo, lakini mlango wa chumba hicho uligoma kufunguka bila kusukumwa kwa bega tangu siku ulipowekwa. Majirani walimcheka. Mganga hajigangi.

Katika chumba hicho marehemu alifasiri maandishi ya wahenga wa Dao. Hakutaka kitabu cha maprofesa. Alitaka kisomwe na mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Palipokuwa na mfalme aliweka meneja, palipokuwa na gari la farasi aliweka lori, na mambo yakawa yale yale. Kikwazo kilikuwa neno moja. Wahenga wale husifu namna fulani ya kutenda ambayo mtendaji hajikazi wala hashurutishi, na jambo linakuwa. Kwa Kichina ni maneno mawili mafupi. Yeye aliandika "kutenda bila kutenda", wasomaji wake wa kwanza wakamwuliza kama hicho ni kitendawili.

Mhariri wa shirika la uchapishaji naye aliona ni kitendawili, akakitegua mwenyewe bila kumwuliza. Kitabu kilipotoka mwaka 2009, kila mahali pa neno hilo palikuwa pameandikwa "kukaa bure". Nyumbani habari ililetwa na kaka yake, yule wa kikombe, aliyekuwa ameombwa amsaidie shemeji yake kubeba mbao akajinyoosha kwenye kochi.

"Mdogo wangu, mimi nafuata kitabu chako tu."

"Kitabu changu ndicho kilichokwambia ulale mpaka saa sita mchana?"

"Ukurasa wa kumi na nne. Mwenye hekima hukaa bure. Kama ni uongo, usingeandika."

Watu wote sebuleni walicheka. Mwalimu aliingia jikoni, akafungua bomba maji yatiririke, akalia. Aliona aibu, si mbele ya watu tu bali mbele ya yule mzee wa kijiti, ambaye huenda alikuwa amekwisha kufa.

Tangu hapo hakutulia, na ni lazima isemwe wazi kwamba alichoka, na nyumba nzima ilichoka naye. Alijaribu "kutolazimisha", akalikataa kwa kuwa bado lina ngumi ndani yake. Alijaribu "kuachia", akasema linanuka uzembe. Alifanya kazi akiwa na mafua, akiwa na mgeni, akiwa na sufuria motoni. Chakula kingi kiliungua katika nyumba ile kwa ajili ya falsafa ya utulivu. Binti yake alimsihi, "Mama, pumzika basi." Jibu lilikuwa lile lile mwaka baada ya mwaka: "Nikilipata neno, nitapumzika."

Alilipata mwaka 2021, mwishoni mwa kiangazi. Alikuwa mezani, mgongo kwa mlango, akahisi upepo shingoni.

"Nani kafungua mlango?" akauliza.

"Hakuna," mumewe akajibu kutoka barazani, randa mkononi. "Mbao zimekauka. Umefunguka."

"Umefunguliwa na nani?"

"Mwalimu, nawe! Sikusema umefunguliwa. Umefunguka."

Mumewe anasema alidhani mkewe ameumwa na nyuki. Mwalimu alisimama, akaketi, akasimama tena. Kauli ya sita. Mlango umefunguka, wali umeiva ukalika, barabara inapitika, jambo linatendeka na hakuna aliyejitutumua. Alikuwa ameiandika ubaoni miaka thelathini na mitatu, akawaimbisha watoto wa watu, na hakuisikia. Alicheka, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo na kukuta bega bado linauma, "Kutendeka. Lilikuwa hapa hapa."

Mhariri alikubali kutoa chapa mpya, ila alitaka kila sura iishe na hatua tatu za kufuata, kwa ajili ya vijana wa leo. Mwalimu alimpigia simu. "Mwanangu, kitabu kinasema usilazimishe mambo, nawe unataka nikiwekee hatua tatu za kuyalazimisha?" Upande wa pili ukasema, "Sawa, mama. Leta yako." Ilikuwa karibu sana na kuombwa radhi.

Lakini hakupumzika. Neno jipya halikukaa mahali pa neno la zamani kama kigae kwenye shimo. Kila sentensi ilibidi ifumuliwe na kushonwa upya. Mwaka 2022 moyo wake ulianza kushindwa kazi. Miguu ikavimba, akawa analala amekaa, mito mitatu mgongoni, karatasi mapajani. Alilazwa mara mbili, na mara zote mbili muuguzi alimnyang'anya kalamu.

"Mama, ulisema ukilipata neno utapumzika," binti yake alimkumbusha, akiwa amechoka kiasi cha kukosa adabu. "Umelipata. Sasa hii ni nini?"

"Sasa nalipanga," akajibu.

Binti alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alimpenda mama yake na alikuwa amemkasirikia, yote mawili kwa pamoja, na hakuona aibu kwa lolote kati ya hayo.

Mwanzoni mwa Juni 2023 daktari alimruhusu arudi nyumbani, bila kuahidi kitu. Jumapili moja mchana, zikiwa zimebaki sura tisa, alifunika kalamu kwa kifuniko chake. Alizipanga karatasi, akamkabidhi binti yake, akasema, "Zitamalizika."

"Nani atazimaliza, mama? Mimi Kichina sijui."

Akamtazama kama alivyowatazama wanafunzi wa nyuma. "Sikusema zitamalizwa. Nimesema zitamalizika."

Siku zilizofuata hakushika karatasi. Alikula uji wake wote. Alimsikiliza kaka yake akisimulia habari ya kikombe, safari hii akikiri hadharani kwamba ni yeye, naye hakumsahihisha hata pale aliposema "kikombe ilivunjika". Ndipo nyumba nzima ilipojua kwamba anaondoka. Alifariki alfajiri ya tarehe 17 Juni 2023, usingizini, katika kile chumba kidogo, mlango ukiwa wazi.

Marehemu ameacha mume, binti na mwana, wajukuu wanne, kaka yake, ambaye leo ndiye aliyetangulia kuamka, wanafunzi wasiohesabika, na sura tisa. Mhariri amefika, amekaa nyuma kule, na hajazungumza habari za hatua tatu. Binti ameanza kusoma maandishi yale kwa kamusi, mstari kwa mstari, pole pole, maana naye amechoka.

Yapo maneno ya kumuaga marehemu ambayo kila mtu anayajua, nasi tungeyasema tu bila kuyatazama. Yeye angeyatazama. Angetuonyesha kwamba hatusemi "apumzishwe", kana kwamba yupo wa kumshika mabega na kumlaza. Wengi tulijaribu na hatukuweza. Kauli yake ni ile ile ya mlango. Mama, neno ulilipata.

Apumzike.