Mama Pasi Alikuwa Mwanafunzi

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni binti yake wa kwanza. Wapo wakubwa zangu walionishauri niseme tu kwamba marehemu alikuwa mfuaji wa hospitali na mama wa watoto watatu, kisha nikae. Nimewasikia, na ninawaheshimu. Nitasoma yote.

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya babu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa seremala na mshonaji. Bibi alizoea kusema kwamba siku hiyo kilio cha mtoto kiliushinda msumeno.

Alianza shule ya msingi Januari 1976 akamaliza mwaka 1982. Hesabu alizijua, ila pembeni mwa kila ukurasa palikuwa na picha. Siku moja mwalimu wa hesabu alikuta sikio lake mwenyewe limechorwa daftarini, pamoja na vinyweleo vyake. Akamsimamisha mbele ya darasa. "Hili sikio la nani?" Mama akajibu, "Lako, mwalimu. Kwani nimekosea wapi?" Alifagia uwanja wiki nzima, lakini mwalimu aliuchana ule ukurasa akaenda nao nyumbani. Aliingia sekondari mwaka 1983, akaacha kidato cha pili babu alipofariki, ili wadogo zake wawili waendelee na masomo.

Tarehe 6 Januari 1986 aliajiriwa katika dobi la hospitali, yaani jengo la kufulia nguo, upande wa kupiga pasi. Shuka za wodini, mapazia na mavazi ya chumba cha upasuaji vilipita mikononi mwake kwa miaka thelathini na tatu. Mvuke mle ndani ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu alimtambua mwenzake kwa kikohozi.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na baba yetu, fundi redio. Walikutana Mama alipopeleka redio iliyozimika, akakataa kuiacha, akasimama pale akifuatilia kila waya mpaka ikaongea. Baba anasema, "Nilijua huyu sitamdanganya hata siku moja, basi nikaona heri nimwoe."

Septemba 2015, akiwa na miaka arobaini na saba, Mama alikwenda kujiandikisha chuo cha sanaa, masomo ya alasiri: kuchora, fasihi na filamu. Msajili alimuuliza, "Mama, mtoto unayemwandikisha yuko wapi?" Akamwambia, "Ndiye huyu umemsimamisha."

Baba mdogo alikuja nyumbani kwa ajili hiyo. "Shemeji, umri huu na penseli? Watu watatucheka." Mama alikuwa anafunga kamba za viatu. "Chekeni, shemeji. Nikirudi saa kumi na mbili mtakuwa mmemaliza." Na mimi ninayesoma hapa nilimwomba asipite mbele ya ofisi yangu akiwa na ule ubao wa kuchorea. Alipita. Alipita kila siku, tena upande wa dirishani.

Darasani walitakiwa kuchora uso. Yeye alichora shuka iliyokunjwa. Mwalimu alipomhoji, alisema, "Uso nitajifunza, mwalimu. Shuka naijua." Akajifunza uso pia, mwaka mzima, akifuta na kuanza upya. Kwenye fasihi waliulizwa nani mhusika mkuu wa hadithi waliyosoma. Yeye akauliza, "Humu ndani wanabadilisha nguo kila ukurasa. Nani anazifua?" Wenzake, umri wa watoto wake, waliangua kicheko. Aliandika kurasa kumi na nne kujibu swali lake mwenyewe, na mwalimu akazisoma kwa sauti mbele ya darasa lote. Hakuna aliyecheka.

Kwa filamu ya kuhitimu aliomba kupiga picha ndani ya dobi. Msimamizi alikataa: kamera haiingii. Mama hakubembeleza. Alilichora dobi lote kwa kumbukumbu, michoro mia mbili na kumi na miwili. Baba akashika taa, yeye akaipiga picha mmoja mmoja, kisha akaweka sauti za wenzake wakisimulia kazi yao. Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa chuo tarehe 18 Novemba 2017. Msimamizi alikuwa ametangaza kwamba atakayekwenda asilaumu mtu. Walikwenda wafuaji kumi na mmoja, wakakaa safu ya mbele na sare zao mwilini. Nilikuwa nyuma yao. Nilimwomba Mama msamaha siku hiyo, akaniambia nimshikie mkoba.

Februari 2019 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, sindano ikiwa mkono wa kulia. Muuguzi alimsihi, "Mama, huu mkono usiusogeze." Alimtii. Akajifundisha kuchora kwa kushoto, akaanza filamu ya pili, ya wodi ile ya kusafishia damu. Baada ya kuhitimu alikuwa amejiandikisha tena chuoni, kozi ya uandishi wa filamu; chuo kilipomfuta kwa kutohudhuria, aliandika barua moja fupi, nao wakamrudisha. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Juni 2022, saa tatu asubuhi, akiwa mwanafunzi. Nimeagiza neno hilo lichapwe kwenye ratiba mliyoishika, na halitafutwa.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, dada mmoja, kaka wawili, wafuaji wenzake ambao leo wamesimama pale bila kuomba ruhusa, na michoro sitini na minne ya filamu ambayo haijakamilika.

Mama, pumzika kwa amani. Michoro iliyobaki tutaichora sisi, vibaya mwanzoni.