Bi Alma Tveit, Msomaji wa Ardhi Kutoka Mkiani

Tarehe 30 Juni 1971 Bi Alma Tveit anatimiza miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya ardhi za shule, zile ardhi za serikali zinazouzwa ili kuchangia shule, na siku hiyo hiyo anastaafu. Kazi yake ilikuwa kugawa mikataba: watu wawili wanaonunua shamba la serikali kwa mkataba mmoja, kila mmoja apate wake.

Ardhi hizi hukatwa robo, na kila robo hukatwa robo tena, kwa hiyo anwani yake husomwa kutoka mwisho, robo fulani ndani ya robo fulani. Aliizoea mno hata tukawa tunamtania, "Na Baba Yetu unaianzia kwenye Amina?" Alicheka tu, akaendelea kusoma kinyumenyume.

Januari 1957 utani ulituishia. Mjane Katarina Schaible alikuwa kwenye mkataba mmoja na shemeji yake Ewald, aliyeamua kulitelekeza shamba ahamie Oregon. Mkataba ungefutwa Ijumaa saa sita mchana, na nyumba ya Katarina, yenye watoto wanne, ingepotea pamoja na mkataba huo. Dawa ilikuwa kuugawa kabla ya hapo. Asubuhi hiyo wote wawili wakatia sahihi, Ewald akatoka, na mkuu wetu, Bwana Rasmussen, akainua mhuri.

Bi Alma akamdaka mkono. Robo zilikuwa zimegeuzwa: nyumba imeangukia kwa Ewald, mjane kapewa bwawa la matete!

"Alma, zimebaki dakika ishirini!"

"Zinatosha. Ichapwe upya."

Akatoka mbio kwenye theluji, bila koti, akasimama mbele ya lori la Ewald lililokwisha kuwashwa.

"We mama, unataka nikugonge? Oregon ni mbali!"

"Utafika tu. Shuka kwanza, shemeji yako hana pa kulala."

Ewald alishuka akinung'unika, akarudi ndani, akatia sahihi tena. Mhuri uligongwa saa sita kasoro dakika mbili, na Katarina akakaa chini sakafuni akalia.

Baadaye Bwana Rasmussen, amefura kwa hasira, aliuliza nani aliyechapa ile karatasi ya kwanza. Bi Alma akajibu, "Makosa ya ofisi," akarudi mezani kwake. Hajaongeza neno kwa miaka kumi na minne.

Niliichapa mimi. Nilikuwa na wiki tatu kazini, na ningefukuzwa siku ile ile. Ahsante, Bi Alma. Staafu salama, uishi miaka mingi yenye heri. Karatasi hii pia nimeichapa mimi, na safari hii jina la mchapaji lipo hapa chini.

Lorraine Dockter, Idara ya Mikataba