Kigeuzi Kisichoficha Pumzi

Sogeeni, wanangu, mketi karibu nami, Mutisya mkono wangu wa kushoto na Wavinya wa kulia, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na hili sitaweza kulisema mara mbili. Namshukuru Mungu aliyenifikisha Jumapili hii. Funga dirisha, Wavinya, magari yasinikatize.

Nyumba hii ya mtaa wa Tena ni yenu wote wawili. Shamba la Machakos mtagawana kama ndugu, bila kumwita chifu. Hayo ni mepesi. Zito ni karakana yetu ya vinyago, na ile mashine iliyo juu ya kabati, kati ya spika mbili.

Mnajua ilivyoingia humu. Tulipomzika mama yenu Wayua, tulibaki na wimbo mmoja aliorekodi na kwaya, yeye akiongoza na Phelister wa mlango wa pili akimwitikia. Niliusikiliza kwa simu, ikawa kama kumtazama mtu kupitia kioo chenye ukungu. Nikachonga masanduku ya spika kwa mvule, nikatafuta amplifaya, na bado ukungu haukuondoka. Ndipo Gordon, muuzaji wa vyombo vya muziki kule mjini, akanieleza kwamba ndani ya simu au kompyuta hamna sauti, mna namba tu, na kwamba kipo kifaa kinachozirudisha namba hizo kuwa sauti. Kigeuzi hicho kikiwa duni, hata spika nzuri itasema uongo. Akaniletea viwili, vyote vya hali ya juu, nikae navyo nyumbani mpaka nichague. Akanionya nivisawazishe kwanza, kimoja kisipige juu kuliko kingine, kwa kuwa sikio la mwanadamu hudhani chenye kelele zaidi ndicho bora.

Cha kwanza kilikuwa kitamu, kila neno la mama yenu limepakwa asali. Cha pili kilikuwa kikavu. Mutisya, ulicheka ukasema, "Baba, hiki kinatutolea hadi mate ya Mama." Wavinya hukucheka. Ulisema, "Kwa kile, Mama anaimba. Kwa hiki, Mama amekuja." Mkabishana, na wewe Mutisya, uliye mkubwa, ukashikilia kwamba marehemu hukumbukwa kwa uzuri wake.

Lakini mimi ni mchongaji. Kinyago kikipasuka tunajaza ufa kwa gundi na unga wa mbao, tunapaka rangi ya viatu, mnunuzi anaondoka akifurahi. Kile cha kwanza kilikuwa kinajaza nyufa. Vyote ving'aavyo msidhani ni dhahabu. Nikachagua cha pili.

Sasa sikilizeni lile ambalo sijamwambia mtu.

Katikati ya ubeti wa pili na wa tatu, mama yenu anavuta pumzi. Chini ya pumzi ile nilisikia kitu kidogo, kama msasa ukipita juu ya mti mkavu. Nikadhani kigeuzi ni kibovu. Nikabadilisha nyaya, nikaisogeza mashine mbali na friji, nikamwita Gordon, naye akaipima akasema haina doa. Nikamsikiliza Phelister katika wimbo uleule, pale anapovuta pumzi yake: safi kama maji ya mtungi. Nikarudi kwa Wayua: msasa. Na wakati wa kurekodi hakuwa ameanza hata kukohoa.

Siku ile, Wavinya, ulikuwa umetoka karakana, umeketi nyuma ya kiti changu na vumbi la mbao kwenye nywele. Nikausimamisha wimbo ili nifikiri.

Sauti ile ikaendelea, nyuma yangu.

Sikugeuka, mwanangu. Niliogopa kugeuka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama yenu alipiga msasa vinyago katika chumba kile kisicho na dirisha tangu tulipooana, na vumbi akarudi nalo kwenye leso. Mimi nami nimelivuta, na hiki kifua mnachokisikia leo ndicho shahidi wangu. Daktari atasema jina la ugonjwa, mimi sijasoma hivyo. Lakini mama yenu hakurogwa. Mjomba wenu Nzivo alisimama kaburini akasema Phelister alimwonea kijicho kwa ajili ya kuongoza kwaya, na tangu hapo hampokei chai ya mama yule. Nendeni mkamwombe radhi. Mketisheni hapa, mbele ya spika, asikie wimbo wake. Nzivo naye mwiteni. Akikataa kuja, mwacheni na Mungu wake.

Karakana ifungwe. Mutisya, najua una kazi ya vinyago vya hoteli unayotaka kuimaliza, na jana uliniambia vumbi halijaua mtu Eastlands, lingekuwa linaua tungekwisha zamani. Nilikusikia. Sibishani nawe. Mbao uza, patasi wape wenye karakana zinazopitisha hewa, ile mashine ya msasa ivunjwe mbele yako. Urithi wangu usiwe jeneza.

Na Wavinya aende hospitali kesho. Kesho, hata kama kesho mnanilaza chumba cha maiti. Mimi nitangoja, maiti haina haraka. Ukisema huumwi popote, kumbuka mama yako naye alisema hivyo. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kigeuzi msikiuze. Wala asije mtu akawashawishi mkibadilishe kwa kitamu zaidi.

Nipeni maji... Inatosha.

Mungu aliyetupulizia pumzi awalinde na kila kinachoinyemelea. Awape riziki isiyowala wenyewe. Awaweke pamoja, mkubwa asimdharau mdogo, na... na mdogo asi...

Nyamazeni kidogo.

Naisikia tena, ile ya msasa. Si yangu, yangu nimeizuia. Wavinya, mama, zuia pumzi yako. Hivyo.

Bado naisikia.

Inatoka kushoto. Mutisya, mwanangu, inama hapa sikioni mwangu. Pumua.

Pumua tena.