Fundi Ndolo na Mashine Iliyoombewa Chini ya Turubai

Ijumaa tarehe 29 Machi 1996, Fundi Mkuu Ndolo Kiilu atafunga sanduku lake la spana kwa mara ya mwisho katika Kiwanda cha Nyuzi cha Ngukuni. Amekitumikia kwa miaka thelathini na miwili. Alikuja mwaka 1964 kutoka kijijini kwao Kabati, akiwa na cheti cha ufundi mfukoni na maneno mengi mdomoni. Cheti kimechakaa. Maneno bado ni mapya kabisa.

Mimi nimekuwa mchoraji wa ramani za karakana kwa sehemu kubwa ya utumishi wake, kwa hiyo kila alichokiwaza kilipita kwenye meza yangu kabla hakijawa chuma. Naweza kuthibitisha kwamba Ndolo hajawahi kubuni kitu akanyamaza. Kuna watu hutengeneza kwanza, kisha wanasema. Ndolo husema kwanza, halafu anatengeneza ili asiaibike.

Si yote yaliyofaulu. Wazee wa kiwanda wanakumbuka mashine yake ya kukoboa mahindi ya muthokoi, chakula chetu cha kila siku, aliyoahidi kwamba ingewapumzisha akina mama wa jikoni. Siku ya majaribio ilirusha mahindi hadi kwenye mapaa, na kuku wote wa majirani zetu wa mji wa Sultan Hamud, naapa, wakahamia kwetu. Ndolo alisema mashine haina kosa, ila ina nguvu kuliko kazi yake. Tulikula wali siku hiyo.

Lakini jambo linalomfanya aandikwe katika jarida hili la kiwanda ni lile la mikono.

Wale walioajiriwa juzi hawajui jinsi mashine za kuchakata mkonge zilivyokuwa zamani. Mtu alisimama mbele ya visu vinavyozunguka, akaingiza jani kwa mkono, akalivuta likiwa nyuzi. Jani likikwama, lilienda na mkono. Mwaka 1973 Kasyoka Mulei, mlishaji wa mashine hodari kuliko wote, alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Ndolo ndiye aliyezima mashine. Tangu siku hiyo hakuweza kupita hapo bila kutukana visu, na alianza kubuni kizuizi.

Alipokimaliza, wakurugenzi wa wakati huo walikisifu, kisha wakaweka sharti. Kiwanda hakingetoa chuma cha kuzitengenezea mashine zote vizuizi mpaka hataza ipatikane, yaani ile haki ya mbunifu kwamba hakuna mwingine atakayeunda kitu chake bila ruhusa. Walihofia viwanda jirani vingenakili kabla ya wino kukauka. Bila hataza, basi, mashine moja tu ingekuwa na kizuizi, na walishaji wa zile nyingine wangeendelea kumtegemea Mungu na bahati. Hapo ndipo mambo yote yalipokwama.

Sasa, sisi watu wa Ukambani tuna desturi yetu. Hakuna kitu kipya kinachoanza kazi kabla hakijaombewa. Nyumba huombewa, cherehani huombewa, hata tangi la maji. Kwa hiyo Jumapili moja ya mwaka 1975, Ndolo alipakia kichwa cha mashine pamoja na kizuizi chake kwenye mkokoteni na kuvipeleka kanisani. Alisimama mbele ya waumini akaeleza kila bamba na kila skrubu, akitangaza kwamba hakuna mkono wa binadamu utakaofika tena kwenye visu. Mchungaji Jonah aliomba kwa sauti kubwa, kanisa likasema amina.

Kisha Kasyoka akainuka kwenye benchi la nyuma. Alikuja mpaka mbele, akaingiza mkono wake wa vidole vitatu kwenye nafasi ya jani, polepole, na kuusukuma ndani.

“Fundi,” alisema, “mkono wangu umefika.”

Ndolo alivirudisha vitu vyake kwenye mkokoteni bila hotuba yoyote, na ninyi mnaomjua mtaelewa uzito wa jambo hilo.

Tulidhani hiyo ndiyo aibu yote. Wiki hiyohiyo tulienda Nairobi kwa wakili aliyetayarisha maombi ya hataza. Aliuliza kama kuna mtu yeyote nje ya kiwanda aliyewahi kukiona kifaa hicho. Ndolo, ambaye hata baada ya yaliyotokea hajui kujibu kwa aibu, alisema kanisa zima limekiona na limesema amina. Wakili aliweka kalamu chini. Akatueleza kwamba kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani si kipya tena mbele ya sheria, hata kama kilionyeshwa ili kiombewe. Kizuizi kile hakingepata hataza tena, na kumbe hakikuwa na faida pia.

Ndolo alichukua likizo akarudi Kabati. Tulisikia amenunua mbegu za ndengu, na kwamba anasema chuma kimemkataa, heri jembe. Iliniuma sana. Karakana bila kelele zake ilikuwa kama nyumba iliyofiwa, na mashine nazo hazikuacha kuzunguka kwa sababu ya huzuni yetu.

Aliyemrudisha ni Kasyoka. Alipanda basi mpaka Kabati, akamkuta shambani, akakataa hata kuketi. Ndolo mwenyewe ndiye anayetusimulia, kila mwaka, maneno aliyoambiwa:

“Sikuja kukupa pole, Fundi. Nimekuja kukuonyesha mkono unapita wapi.”

Wakachora pale pale kwenye udongo. Kasyoka alieleza jinsi mlishaji anavyoinama jani likikwama, na kwamba bega huanza kusogea kabla ya mkono kuvutwa. Ndolo alikuwa amefikiria mkono peke yake. Hakuwa amelifikiria bega. Aliporudi kazini hakuongeza chuma cha kuzuia. Aliweka bamba lenye springi mbele ya kifua cha mlishaji. Ukiinama kupita kiasi unaligusa, mkanda wa mashine unaachia, breki inabana, visu vinasimama. Kasyoka alilijaribu akitumia bua la mahindi kama mkono, na bua likatoka zima.

Mwaka 1976 maombi mapya yalikuwa tayari, na ubishi ukaanza upya. Kwanza, Ndolo alitaka majina mawili kwenye hataza. Wakurugenzi walisema Kasyoka si fundi. Ndolo akajibu kwamba ikiwa jina la Kasyoka halifai basi na lake yeye mwenyewe lifutwe, waombe hataza kwa jina la springi. Majina yote mawili yaliandikwa.

Pili, hakukubali michoro ipelekwe Nairobi kabla kifaa hakijaombewa. Wakili akasema kisionekane. Desturi ikasema kiombewe. Ndolo akapata njia: alikifunika kifaa kwa turubai, akakifunga kamba kama mzigo wa sokoni, akakipeleka kanisani hivyo hivyo. Mchungaji Jonah alilizunguka lile furushi bila furaha yoyote. Mwishowe akaweka mkono juu yake akaomba: “Bwana, wewe unakijua kilichomo humu. Sisi hatujaruhusiwa.”

Hataza ilitoka. Chuma kilitoka. Mashine zote za Ngukuni zikawekewa bamba la kifua, na mafundi wa viwanda vingine vya mkonge wakaja kuomba ruhusa, Ndolo akiwapokea getini kama bwana harusi. Muda wa hataza umekwisha mwaka huu, sawa na muda wake wa kazi, na ombi lake la mwisho kwa uongozi lilikuwa michoro igawiwe bure kwa karakana yoyote inayoitaka. Fundi Gabow wa Mwingi, anayeunda mashine za kukata majani ya mifugo, ameshachukua nakala yake. Ndolo alimkabidhi pamoja na hotuba.

Mchungaji Jonah naye, ambaye sasa ni mzee mstaafu, hajaacha kulalamika kwamba aliombea turubai. Kwa hiyo sherehe ya kumuaga Ndolo, Jumamosi tarehe 30, itafanyika kanisani, ili safari hii mchungaji aone anachokiombea. Bamba la kwanza kabisa tumeling'oa kwenye mashine iliyozeeka, na litapelekwa likiwa limefunikwa kwa turubai lile lile. Ndolo aliomba alifunue yeye, tukamkatalia. Litafunuliwa na Kasyoka, kwa mkono ule ule uliofika.

Asante, Fundi Ndolo, kwa kelele zako, kwa ukaidi wako, na hata kwa yale mahindi ya kwenye mapaa. Ukapumzike Kabati na jamaa zako, ndengu zako zizae, na majirani wako wawe na masikio imara. Kuanzia siku bamba lile lilipofungwa, hakuna mlishaji wa Ngukuni aliyerudi nyumbani na mkono pungufu. Utakapotoka getini Ijumaa, geuka ututazame. Tutakuwa tumejipanga sote kukupungia mikono, na yote ipo.