Mlango wa Marehemu Baba

Basi lilikuwa limeshaondoka kituoni, dereva akafunga breki kumpakia fundi rangi mmoja aliyebeba mlango. Mlango mzima, na bawaba zake. Akauegemeza kwenye magoti ya nesi aliyeketi mbele yangu, ametoka zamu, macho mekundu.

"Kaka, haya ni magoti, si ukuta!"

"Samahani, dada. Namrudishia mdogo wangu. Niliung'oa nyumba ya marehemu baba tulipogombania urithi, nikaufunga kwangu. Juzi mke wangu anapasuliwa hospitali, nikabaki koridoni peke yangu. Nikaomba, mimi ambaye watu wakianza sala natafuta pa kutokea. Nikaahidi kuurudisha. Nikahisi kama kuna mtu amekaa kando yangu."

Nesi akaguna. "Kila siku mnampata Mungu kwenye korido yetu, mkifika getini mmeshamwacha. Na wanaofiwa pale, hawaombi?"

Nilitamani sana fundi awe na jibu. Akajikuna kidevu. "Hilo sijui, dada. Ahadi yangu ndiyo naijua."

"Na kwako umeweka nini?"

"Pazia."

"Pazia! Mgonjwa ndani, wezi nje, wewe pazia! Mungu asingesubiri ununue mwingine?"

"Angesubiri. Mimi ndiye nisingeurudisha."

Basi likasimama. Nesi akasonya, kisha akashika upande wa pili wa mlango, wakaushusha pamoja huku bado anafoka kuhusu pazia. Fundi akavuka nao barabara, kuelekea nyumba iliyozibwa bati mahali pa mlango.