Tanti Delfina, Marehemu Aliyetupatanisha

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Tanti Delfina Bazie, shangazi yetu sote, atakabidhi funguo za banda la wafumaji na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika kituo chetu cha vitambaa hapa Koudougou.

Alikuja kutoka Reo mwaka 1994, akapewa kazi ya kuzungusha nyuzi. Wanaomkumbuka wanasema alizungusha nyuzi huku akitazama miguu ya wafumaji, na mmoja wao alipokwenda kula, yeye aliketi kwenye mtambo wake, ati anaupasha moto usipoe. Haikuchukua muda akawa na mtambo wake mwenyewe, na baadaye akawa mkuu wa banda zima. Mikono aliyoifundisha inafuma leo hadi Bobo-Dioulasso. Mwaka juzi alipewa nishani ya kazi. Aliivaa siku moja tu, kisha akaifunga kwenye mtambo wa aliyefuma vizuri kuliko wote wiki ile. Bado inazunguka bandani.

Lakini ukimuuliza yeyote hapa kuhusu Tanti, ufumaji atautaja baadaye. Kwanza atakuambia jinsi anavyojua kuishi na watu. Mfanyakazi mpya akifika, Tanti haulizi kama anajua kazi. Anauliza jina la ukoo, kisha anamtafutia mtani. Anaamini kwamba mtu mwenye mtani kazini hawezi kununa hadi jioni. Sisi tuliotoka shule mwaka huu, ambao kusema mbele ya watu kunatutoa jasho, tulipata mtani kabla ya kupata kiti.

Mtani wake mwenyewe ni Mama Mamunata Bance, mkuu wa watia rangi. Tanti ni Mgurunsi, Mama Mamunata ni Mbisa, makabila yaliyo watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hakuna anayepona. Mmoja akipita na sahani, mwingine anauliza tangu lini watumwa wanakula kabla ya bwana wao. Karanga, ambazo Wabisa wanasifika kwa kuzipenda kupita kiasi, hutajwa kila siku ya Mungu.

Ndiyo maana kituo kizima kiliingiwa na hofu mwaka 2017, wawili hao walipoacha kutaniana.

Kituo, kama tunavyosimuliwa, kilikuwa na oda kubwa ya vitambaa vya sikukuu ya wanawake, Machi 8. Vipande vya kwanza vilipofuliwa, buluu ilivuja na kuchafua mistari myeupe. Wafumaji wakasema nyuzi hazikusuuzwa. Watia rangi wakasema nyuzi zimeharibiwa na uji wa wanga ambao wafumaji huzipaka ili zikaze. Salamu zikakatika. Watu wakapishana uani kama mbuzi wa maboma mawili. Mkurugenzi akatangaza kwamba oda ile ikiharibika, kituo kitanunua nyuzi za rangi kutoka kiwandani, na watia rangi wote watarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Tanti alitandika mkeka uani, katikati ya mabanda mawili, akalala chali na kujifunika kitambaa kilichovuja. Akatangaza kwamba amekufa.

Hapo aliwabana Wabisa. Mgurunsi akifa, mtani wake hana ruhusa ya kukaa mbali. Lazima aje amwigize marehemu, avuruge matanga, adai karanga. Na lolote atakalosema msibani, hata liwe chungu, hakuna wa kukasirika. Mama Mamunata alijifanya hasikii. Ndipo maiti akaanza kulalamika chini ya kitambaa: "Jua linanichoma, na watumwa wangu hawajaja kunililia. Au karanga zimewaziba masikio?"

Mama Mamunata akatoka, mikono buluu hadi viwikoni. "Maiti mwenye mdomo kama huu," akasema, "hata kaburi litamtapika."

Akaanza kumwigiza: anavyotembea kifua mbele, anavyoukemea uzi uliokatika kana kwamba umemtukania mama yake. Wafumaji walicheka mpaka wakashikana. Kisha akaketi kando ya mkeka na kusema kwamba marehemu alikuwa fundi, ila rangi ya wenzake aliiona upesi, uji wake wa moto unaoyeyusha rangi hakuuona.

Kitambaa kikasogea, kichwa cha maiti kikatokeza.

"Kweli tuliupaka wa moto," Tanti akasema. "Tulikuwa na haraka. Na wewe mtumwa wangu, sema sasa. Mlisuuza mara ngapi?"

"Mara moja," akajibu Mama Mamunata. "Mlikuwa mnatupigia kelele mlangoni, tungefanyaje?"

Siku hiyohiyo wafumaji walibeba ndoo pamoja na watia rangi. Nyuzi zikasuuzwa mpaka maji yakatoka safi, na uji ukaachwa upoe. Oda ilifika kwa wakati. Machi 8 wanawake walioagiza waliandamana na vitambaa vyetu mwilini, na havikuvuja hata tone. Hakuna mtia rangi aliyerudi nyumbani. Leo ni wengi kuliko walivyokuwa wakati ule.

Mama Mamunata ametangaza kwamba hautambui ustaafu huu. Anasema mtu aliyekufa mwaka 2017 amekula mishahara yote hii akiwa maiti, na hatatoka getini kabla ya kuilipa kwa magunia ya karanga. Tanti amejibu kwamba maiti hadaiwi. Kwa hiyo Jumatatu mkeka utatandikwa tena palepale uani. Safari hii marehemu ataketi, na sisi sote tutakula naye.

Tanti Delfina, asante kwa kutufundisha kufuma, na asante zaidi kwa kila mtani uliyetupatia. Urudi Reo na afya yako, ulale usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake, na mtambo wako wa nyumbani usikose uzi. Siku ukimsikia mtu mlangoni anadai karanga na kukuita mtumwa, fungua. Tutakuwa sisi, wafumaji na watia rangi, tumekuja kwa gari moja.