Mbili za Haraka, Moja Nzito

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Madamu wetu wa Kifaransa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika shule hii. Umri wa kustaafu umefika kwa utaratibu wake. Ugonjwa nao umefika bila kualikwa, na kwa kuwa mwenyewe ameniagiza nisiufiche, ninauandika hapa hapa mwanzoni: Madamu ana saratani ya koo. Jumatatu asubuhi ataingia chumba cha upasuaji kuondolewa zoloto, yaani pale sauti inapotengenezwa. Madaktari wana matumaini kwamba atapona, lakini sauti haitarudi.

"Usinirembe," aliniambia. "Andika kila kitu, ili siku nikija na tundu la kupumulia shingoni wasianze kuangalia dari."

Kamati ya sherehe imenikabidhi kalamu mimi, mwalimu wa hisabati, kwa sababu nimekuwa jirani yake wa darasa kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote. Vyumba vyetu viwili vilikuwa ukumbi mmoja uliokatwa katikati kwa plaiwudi, na plaiwudi ile huzuia macho tu. Kila alichofundisha yeye nimekisikia, nikitaka nisitake.

Alikuja hapa kijana, kushika nafasi ya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi, kwa muhula mmoja tu. Mwenye nafasi hakurudi, na Madamu hakuondoka. Amekuwa mkuu wa idara ya lugha, msimamizi wa mitihani, mlezi wa bweni la wasichana, na kwa mwaka mmoja wa mkosi alikuwa kocha wa netiboli, kazi ambayo timu yenyewe ilimwomba aiache. Wanafunzi wake wametawanyika. Mmoja ni mkalimani, mwingine anahudumu ndani ya ndege, na mwingine amefungua duka la mikate lenye bango la Kifaransa lililokosewa herufi mbili. Madamu hupita upande wa pili wa barabara ili asilione bango hilo, halafu huvuka kwenda kununua mkate.

Wanafunzi walimbatiza jina la Mama Keje, na hapo ndipo tunaingia kwenye kiini cha mambo. Kuna namna ya kunyambua vitenzi ambayo Wafaransa wanaiita imparfait du subjonctif. Mstari wa kwanza unaanza kwa sauti inayofanana na "keje", kisha unakuja mzigo wa herufi s unaolia kama kitunguu kikitiwa kwenye mafuta ya moto. Haimo kwenye mtihani. Haisemwi sokoni wala kwenye simu, na inasemekana hata kwao imebaki vitabuni. Lakini kila Jumanne, saa tano asubuhi, Madamu aliifundisha, na kitenzi alichokipenda kuliko vyote kilikuwa "kusema": que je parlasse, que tu parlasses, mpaka mwisho.

Mkaguzi wa elimu aliwahi kumkalisha chini juu ya jambo hilo. "Madamu," alisema, "hata wenyewe hawaitumii."

"Basi tuwatunzie," akajibu Madamu, akaendelea na somo. Mimi pia nilijaribu kumchokoza, nikamwambia chumbani mwa walimu kwamba anapoteza muda wa watoto. Akaniuliza ni nani kati yetu anayefundisha namba za kufikirika, ambazo wataalamu wenyewe wamekubaliana kwamba hazipo. Nikamwongezea chai.

Alikuwa na mtindo wake. Hakusimama mbele ya darasa, alisimama nyuma, karibu na dirisha, ili wanafunzi wamsikie wasimwone. Kuanza kitenzi aligonga pete yake mezani: mbili za haraka, moja nzito. Hapo sauti yake ilitangulia, nene kuliko umbo lake, na darasa likaifuata. Plaiwudi haikuzuia kitu. Wanafunzi wangu wa hisabati walizoea kiasi kwamba pete ikilia, midomo yao inacheza. Siku moja niligonga chaki ubaoni vivyo hivyo bila kukusudia, nikitaka jibu la mlinganyo, nikajibiwa "keje" na nusu ya darasa. Dereva wa shule anakijua kitenzi kizima. Mhasibu anakijua. Mimi ninakijua kuanzia juu hadi chini, na maana yake niliuliza mwaka huu tu.

Maana alinieleza kwa subira: ni namna ya kusema jambo lililotakiwa liwe, wakati uliokwisha kupita. Hakucheka alipokuwa akieleza, nami sikumtania.

Sauti ilianza kuchakaa baada ya likizo ndefu. Tulidhani ni vumbi la chaki. Alikunywa tangawizi na asali, akavaa skafu, akatutania kwamba sasa anaimba besi. Aliporudi kutoka hospitali na majibu alikaa kwenye kiti chake cha kawaida karibu na sinki, akaosha kikombe kilichokuwa kisafi, akakiosha tena. Kisha alituambia.

Kilichomtesa zaidi si darasa. Madamu anaishi na mama yake mzazi, ambaye presha ya macho ilimpofusha zamani. Miaka michache iliyopita mwizi aliingia chumbani mwa bibi huyo mchana kweupe, na yeye, akidhani ni mgeni, akamkaribisha na kumwuliza habari za nyumbani huku anabebewa redio. Tangu hapo hamruhusu mtu kumkaribia kabla hajasikia sauti anayoijua. Sauti yenyewe ni moja. Madamu akisema "Mama, ni mimi," bibi analegea mabega na kunyoosha mkono. Madamu alipomweleza habari ya upasuaji, bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Basi nitajuaje kwamba ni wewe?"

Swali hilo alikuja nalo kazini kesho yake, na lilikaa naye. Daktari alimwambia kuna vifaa vya kushikizwa shingoni vinavyotoa maneno. Akavisikiliza. Vinatoa sauti ya redio mbovu, alisema, na redio ndiyo iliyoleta balaa lote.

Halafu ikaja Jumanne moja ya mwezi wa kumi. Nilikuwa naandika ubaoni nikasikia pete upande wa pili: mbili za haraka, moja nzito. Madamu akaanza. Mstari wa kwanza ulitoka, wa pili ukakwaruza, wa tatu haukutoka kabisa. Darasa lake, lililozoea kufuata, likanyamaza. Pete ikagonga tena. Bado kimya. Watoto wale walikuwa wamegeuka, kama nilivyoambiwa baadaye, wanamwangalia mwalimu wao ameshika koo kwa mkono mmoja.

Pete ikagonga mara ya tatu, na waliojibu walikuwa wangu. Watoto wa hisabati, ambao hawajawahi kusoma Kifaransa hata siku moja, walikichukua kitenzi pale kilipoangukia wakakipeleka mpaka mwisho, matamshi ya ajabu na yote. Sikuwazuia. Ninafikiri nami niliimba. Upande wa pili wakapata ujasiri, wakajiunga, na plaiwudi ikatetema. Tulipotoka Madamu alikuwa koridoni, macho mekundu. Alinionyesha pete yake kwa kidole kimoja, nikajua hawazi tena habari ya darasa, anamwaza mama yake.

Jioni ile ile aligonga hivyo mlango wa mama yake, akaingia kimya. Bibi alipiga kelele za mwizi, akashika fimbo, na mpwa wa Madamu anayekaa hapo akaja mbio kutoka jikoni. Jaribio la kwanza liliishia kwenye jeraha dogo la paji la uso, ambalo hapa shuleni lilielezwa kuwa la kabati. Lakini mtu aliyefundisha imparfait du subjonctif kwa watoto wenye njaa ya saa tano hakati tamaa upesi. Akaanza upya, kama na wanafunzi wapya. Aligonga, kisha akasema sentensi nzima. Baada ya wiki aligonga na kusema "Mama" peke yake. Baadaye alikohoa tu. Kila siku alipunguza kidogo, na ugonjwa nao ulikuwa ukimpunguzia sauti.

Jumapili iliyopita nilimpeleka kwa gari kuchukua vipimo vya mwisho, nikamrudisha nyumbani. Nilikuwa nyuma yake na mfuko wa machungwa alipofika kwenye mlango wa mama yake. Akagonga, mbili za haraka, moja nzito. Akafungua, akasimama. Bibi alikuwa ameketi kitandani, uso umeelekea mlangoni, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika fimbo.

"Ingia, mwanangu," bibi akasema. "Umechelewa leo."

Akaiweka fimbo chini. Madamu bado alikuwa na sauti ya kunong'ona siku hiyo, angeweza kujibu. Hakujibu. Alikwenda akakaa pembeni ya mama yake akaupokea mkono. Niliacha machungwa mezani, nikatoka, nikakaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuliwasha.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, mtaona kwenye ratiba kwamba "Neno la Mstaafu" limefutwa. Sauti iliyobaki amemwekea mama yake, mpaka Jumapili usiku, na sisi tumeshakula fungu letu kwa miaka thelathini na mmoja. Badala yake Madamu atagonga meza. Tunaombwa tusipige makofi. Kila mtu, akiwemo mhasibu, anajua la kufanya, na matamshi hayatasahihishwa.

Madamu, asante kwa kelele zako zote. Upasuaji uende salama, upone, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi na za amani pamoja na mama. Kiti chako karibu na sinki hatutampa mtu. Siku yoyote utakayofika na kugonga mlango wa chumba cha walimu, hakuna atakayeuliza ni nani.